Paka ugenini: siku nne za kwanza katika kituo cha kutunza paka Nakuru

Sisi Wapwani tunaoishi Nakuru, Naivasha, Gilgil, Njoro na Molo tuna safari moja isiyokwisha, nayo ni kuteremka Pwani. Kuna Idd, kuna harusi, kuna matanga, kuna likizo ya Disemba watoto wakifunga shule. Kutoka Nakuru hadi Nairobi ni kilomita 160 hivi, na kutoka Nairobi hadi Mombasa ni kama 480 nyingine. Mizigo hufungwa, watoto huvishwa, nauli hulipwa, na mlangoni hubaki swali ambalo halikuulizwa mapema: na paka je?

Nimeishi Nakuru miaka kumi na tatu, na kwa miaka saba sasa nimetenga vyumba viwili vya uani kwa ajili ya kupokea paka wa watu wanaosafiri. Nilianza na paka wa jirani, kisha wa rafiki wa jirani, na sasa kila likizo vyumba hujaa. Niandikayo hapa yametokana na hao niliowatazama usiku na mchana, pamoja na yale ambayo wataalamu wameyapima kwingineko. Kuna jambo moja ambalo ningependa msomaji alishike kabla ya mengine yote: paka huhitaji kama siku nne kuanza kuzoea mahali pageni. Ukiijua hesabu hiyo utajua kama umpeleke au umwache, umpeleke kwa muda gani, umfungie nini, na uulize nini ukipiga simu.

Paka ni mwenyeji wa mahali

Mbwa hufuata mtu. Alipo bwana wake ndipo kwake. Paka naye hupenda watu, na asemaye kuwa paka hana mapenzi hajafuga paka, lakini moyo wake umefungwa pia na mahali. Paka wa nyumbani ametokana na paka mwitu wa Afrika na Mashariki ya Kati, ambaye wataalamu humwita Felis lybica. Paka mwitu huyo yuko mpaka leo katika nyika za Bonde la Ufa, akiwinda panya. Huishi peke yake, katika eneo ambalo analijua kichaka kwa kichaka. Katika kisiwa cha Cyprus wachimbaji wa mambo ya kale walikuta paka aliyezikwa karibu na mtu kiasi cha miaka 9,500 iliyopita. Basi ujirani wetu naye ni wa kale, ila tabia ya kushikamana na eneo lake hakuiacha.

Eneo hilo hulitambua kwa pua kuliko kwa macho. Paka ana tezi za harufu mashavuni, kidevuni na katika nyayo. Anapojisugua kwenye mguu wa meza au kwenye kanzu yako, anatia alama. Sisi hatuinusi, yeye anainusa. Nyumba yako kwake ni ramani ya harufu iliyoandikwa kwa miezi au miaka: hapa nililala, hapa nilikula, hapa ni salama. Ukimtoa humo ukamweka katika chumba kipya, hata kiwe kizuri namna gani, ramani yote imefutika kwa mara moja. Anachoogopa ni upya wa mahali, wala usafi na uzuri wake haumwambii kitu.

Kwetu Pwani jambo hili halionekani sana, kwa sababu paka wetu wengi ni wa mtaa. Paka wa Mji wa Kale Mombasa au wa Lamu hana mlango mmoja. Hula kwa huyu, hulala barazani kwa yule, na wavuvi wakirudi yuko ufukoni kungoja fungu lake. Mwenye nyumba akisafiri, mtaa umebaki pale pale na paka hakuhama. Nakuru mambo ni mengine. Nyumba nyingi za kupanga zina ukuta, lango na mbwa wa ulinzi, na paka wengi huishi ndani au uani. Mwenyewe akifunga mlango na kuondoka, hakuna mtaa wa kumlea. Ndipo panapohitajika kituo. Huku si lazima utarajie jumba la kifahari. Anayepokea paka huweza kuwa daktari wa mifugo mwenye vizimba nyuma ya zahanati yake, au mtu kama mimi mwenye chumba, subira na maji ya bomba.

Siku kwa siku

Mwaka 1997 watafiti wawili wa Uswisi, Kessler na Turner, walichapisha utafiti juu ya paka 140 waliowekwa katika kituo kwa wiki mbili wenyewe wakiwa safarini. Hawakukisia. Waliipima hofu kwa kuutazama mwili: tumbo limekazana au limelegea, miguu imekunjwa vipi, mkia uko wapi, masikio yamelala au yamesimama, mboni za macho zina ukubwa gani, sauti ikoje. Walichokiona ni kwamba hofu ilishuka zaidi katika siku nne za kwanza, kisha ikaendelea kushuka polepole. Kiasi cha theluthi mbili ya paka walizoea vizuri katika zile wiki mbili. Asilimia 4 hawakuzoea kabisa, wakabaki na hofu kubwa mpaka mwisho, na watafiti wakasema kwamba paka wa namna hiyo hawafai kupelekwa kituoni.

Niyaonayo mimi Nakuru yanakwenda na hayo.

Siku ya kwanza paka hujificha. Akikosa pa kujificha hujibanza pembeni au hulala ndani ya beseni la mchanga wa choo, kwa sababu ndicho kitu pekee chenye kingo. Tumbo liko chini, miguu imeingizwa ndani ya mwili, masikio yamelala ubavuni, mboni zimefunguka hata kama chumba kina mwanga. Mara nyingi hali chakula mchana kutwa. Wengi hawalii, na hapa ndipo watu wanapokosea kusoma. Mwenyewe hupiga simu jioni, "Vipi, mama, ametulia?" Mimi humjibu, "Amenyamaza, mwanangu. Kutulia bado." Paka aliyeganda kama jiwe ana hofu kuliko yule anayelia mlangoni. Na kukoroma kwake nako si dalili ya furaha siku zote, kwani paka hukoroma pia akiwa na maumivu au akijipoza.

Siku ya pili huanza kazi ya usiku. Asubuhi utakuta chakula kimepungua kidogo, mchanga umechimbwa, maji yameguswa. Mchana bado yuko mafichoni, lakini masikio yanageuka kufuata sauti. Anasoma ratiba ya nyumba: nani anaingia, saa ngapi, na kwa hatua gani. Kwa hiyo mtu anayewahudumia asibadilike badilike, na saa za chakula ziwe zile zile.

Siku ya tatu ni ya kusitasita. Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa paka jembe hilo ni la mapema mno, siku ya tatu bado ni mgeni. Hutoka, hunusa, hurudi. Ukimshika kwa nguvu siku hii, umemrudisha siku ya kwanza. Mimi huketi chini ndani ya chumba, nikageuza uso kando, nikamwacha aamue mwenyewe.

Siku ya nne, kwa paka wengi, huja alama ninayoingoja kuliko zote: anajisugua shavu kwenye nguzo ya mlango au ukingo wa sanduku lake. Huyo ameanza kuandika ramani mpya. Baada ya hapo hula mbele ya mtu, hujilamba mwili mzima, hulala kwa ubavu badala ya kujikunyata, na wengine huanza kucheza. Paka anayejilamba na kulala kwa ubavu ni paka aliyekubali.

Hesabu ya safari

Sasa tazama maana ya siku hizo nne. Ukienda Nairobi kwa siku mbili ukampeleka paka kituoni, umempa siku mbili za hofu tupu na umemtoa kabla hajapata nafuu. Ukienda Mombasa kwa siku kumi na mbili, siku nne ni ngumu na nane ni za kawaida. Watu wengi hufikiri kinyume: kwa siku mbili kituo ni sawa, kwa wiki mbili ni ukatili. Mimi naona safari fupi ndiyo isiyofaa kituo. Nasema hivi ingawa ni hasara kwangu.

Kwa safari ya siku moja hadi tatu, afadhali paka abaki nyumbani na mtu unayemwamini aje asubuhi na jioni: ampe chakula, abadilishe maji, asafishe choo, akae naye robo saa, na ahakikishe kwa macho kwamba amemwona. Kumwachia bakuli lililojaa na kufunga mlango si kumtunza. Bakuli halitakupigia simu paka akiugua.

Hesabu hiyo hiyo yajibu swali la kumchukua paka kwenda naye Pwani. Safari ni ya kutwa nzima au usiku kucha. Ukikaa Mombasa siku tano, paka ataanza kuzoea nyumba ya shangazi siku ya nne, na kesho yake ufunge tena safari. Na nyumba ya harusi ina milango wazi, wageni na watoto. Paka wa Nakuru akitoroka Majengo au Kisauni hajui njia hata moja, na paka wenyeji wa mtaa hawatampokea kwa maandazi. Mpeleke ikiwa unahama, au ikiwa utakaa mwezi mzima na una chumba cha kumfungia wiki ya kwanza.

Pa kujificha na harufu ya kwao

Vitu viwili vidogo hupunguza ugumu wa siku hizo nne kuliko vyote vya gharama.

Cha kwanza ni maficho. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, walichapisha jaribio walilofanya katika makao ya paka. Walichukua paka 19 walioingia upya, wakawapa 10 sanduku la kujifichia na 9 wakawanyima. Waliopewa sanduku walipunguza hofu haraka zaidi, na tofauti ilikuwa dhahiri katika siku za mwanzo. Sanduku la katoni kutoka dukani linatosha. Liwe na tundu la kuingilia, na mgongo wake ufae kupandwa, kwa maana paka mwenye hofu hupenda aidha kufichwa au kuwa juu. Mwenye kituo anayeondoa maficho ili mteja amwone paka wake vizuri anampendeza mteja, na paka analipia.

Cha pili ni harufu. Leta kitu kinachonuka nyumba yako, wala usikifue. Kwa akina mama wa kwetu jambo ni jepesi: leta leso uliyojifunga siku mbili tatu, pamoja na tandiko analolalia paka. Leso moja iwekwe ndani ya sanduku lake, na ya pili itumike kufunikia kikapu chake cha safari, maana paka asiyeona magari hutulia zaidi ndani ya matatu. Kituo kisizifue nguo hizo mpaka paka aondoke, isipokuwa zikichafuka kwa mkojo au matapishi.

Hatari za kweli

Hofu peke yake hupita. Lakini kuna mambo manne ambayo huweza kumuua paka au kumwachia ugonjwa, na kila moja lina dalili inayoonekana.

La kwanza ni kutokula. Mtu anaweza kufunga, paka hawezi kukaa siku nyingi bila chakula. Paka, na zaidi paka mnene, akikaa siku mbili au tatu bila kula, mafuta ya mwili hukimbilia kwenye ini, likajaa na kushindwa kufanya kazi. Asipotibiwa hufa. Kanuni yangu ni hii: saa 24 bila kula, namwarifu mwenyewe na kubadilisha chakula, nampashia samaki moto kidogo ili harufu itoke. Saa 48, tunakwenda kwa daktari bila kungoja. Kwa hiyo katika kituo chochote, kila paka awe na sahani yake, na mtu aandike kilicholiwa. Paka wawili wasiojuana wakila sahani moja, mmoja huweza kukaa na njaa siku tatu na hakuna ajuaye.

La pili ni mkojo wa dume. Mrija wa mkojo wa paka dume ni mwembamba, na hofu pamoja na kutokunywa maji huchangia kuuziba. Dume anayeingia na kutoka katika beseni la mchanga, akajikakamua, akalia, na mchanga ukabaki mkavu, huyo hangoji asubuhi. Mkojo ukizuiwa siku moja au mbili sumu hurudi mwilini na moyo huweza kusimama. Wengi huona anajikakamua wakadhani amefunga choo.

La tatu ni mafua. Paka wengi waliowahi kuugua mafua ya paka wakiwa wadogo hubaki na kirusi mwilini maisha yao yote. Hofu hukiamsha, na chafya na machozi huja siku kadhaa baadaye, pengine paka ameshafika nyumbani. Ndiyo sababu chanjo ni sharti, na vizimba visitazamane karibu karibu. Kituo kisichouliza kadi ya chanjo ya paka wako hakikuuliza ya wengine pia. Mbali na chanjo ya mafua na ya ugonjwa wa kuhara unaoua watoto wa paka, iwepo ya kichaa cha mbwa. Jina lisikudanganye, ugonjwa huo humpata paka na paka humwambukiza mtu. Kenya imejiwekea lengo la kumaliza vifo vya watu vitokanavyo na kichaa cha mbwa kufikia 2030, na chanjo ya paka wako ni sehemu ya kazi hiyo.

La nne ni baridi, na hili Wapwani hulisahau. Mji wa Nakuru uko kiasi cha mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, Molo iko juu zaidi. Usiku wa Julai joto hushuka hadi karibu nyuzi 10, wakati Mombasa usiku huo huo watu wamelala na shuka moja. Paka aliyeletwa karibuni kutoka Pwani bado hajawa na manyoya ya kutosha. Mfano mzuri ni paka wa Sokoke, ambaye Wagiriama walimjua kwa jina la kadzonzo kabla dunia haijamjua. Mwaka 1978 mkazi wa Watamu, Jeni Slater, alichukua watoto wa paka hao na kuanza kuwazalisha, na leo ni kabila la paka linalotambuliwa ng'ambo. Manyoya yake ni mafupi na yamelala juu ya ngozi, yamekatwa kwa hali ya hewa ya Kilifi. Paka wa namna hiyo akiwekwa kwenye kizimba cha waya juu ya saruji mwezi wa Julai ataugua hata kama analishwa nyama. Ulizia sakafu ya mbao au zulia, sanduku lenye blanketi, na dirisha linalofungwa usiku. Katika miezi ya kiangazi uliza pia habari ya vumbi. Inasemekana jina lenyewe la Nakuru latokana na neno la Kimaasai lenye maana ya vumbi, na pua za paka hulithibitisha kila Januari.

Kuchagua kituo

Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Nenda ukaione kabla ya siku ya safari, na ikiwa mwenyewe hataki uingie wanapolala paka, shukuru, uondoke. Ukiwa ndani, tazama haya:

- Mbwa wako wapi? Paka akisikia mbwa akibweka upande wa pili wa ukuta, siku nne zitakuwa nane.
- Je, kuna milango miwili kati ya paka na barabara? Mlango mmoja ni ajali inayongoja. Nyingi za nyumba hizi ziko karibu na barabara kuu ya Nairobi, na malori hayasimami.
- Beseni la choo liko mbali na chakula? Paka hapendi kula karibu na choo, na atakayekosa nafasi huacha kimojawapo.
- Paka wa nyumba tofauti wanachanganywa? Wasichanganywe. Ndugu waliolelewa pamoja wakae pamoja. Wageni kila mmoja na chumba au kizimba chake.
- Nani analala hapo usiku? Paka wengi hutoka mafichoni usiku, na ndipo matatizo yanapoonekana.
- Daktari ni nani? Awe amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, na kituo kiwe na namba yake tayari. Nakuru tuna bahati katika jambo hili, kwani Chuo Kikuu cha Egerton kule Njoro kina kitivo cha tiba ya mifugo, na ujuzi hauko mbali.
- Nusa. Kituo chenye harufu kali ya dawa ya sakafu hakimsaidii paka, maana anaishi kwa pua. Harufu kali ya mkojo ni mbaya zaidi. Usafi mzuri haunuki kitu.

Kabla ya kumpeleka

Wiki moja kabla, weka kikapu chake cha safari wazi sebuleni, na leso ndani, chakula mlangoni mwake. Akizoea kulala humo, siku ya safari hutakimbizana naye chini ya kitanda, na kikapu chenyewe kitakuwa chumba chake cha kwanza kituoni. Usimwogeshe kabla ya kwenda, utamwondolea harufu yake mwenyewe wakati anapoihitaji.

Peleka chakula alichozoea cha kutosha siku zote na ziada ya siku mbili, maana magari huharibika na harusi hurefuka. Ikiwa amezoea ugali na omena, peleka omena. Siku za hofu si siku za kumfundisha chakula cha kopo. Andika kwenye karatasi: jina analoitwa, umri, dawa, chakula na saa zake, anaogopa nini, anapenda kukunwa wapi. Andika pia kwamba daktari amtibu akiugua, kwa gharama isiyozidi kiasi utakachotaja, na namba ya mtu wa pili aliyebaki Nakuru, kwa sababu simu yako huenda ikazima ukiwa Faza au Kizingitini.

Kuna paka ambao singewapokea na singekushauri uwapeleke popote: mama anayenyonyesha, mtoto ambaye hajamaliza chanjo, mzee mwenye ugonjwa wa figo, na paka wa mtaani aliyezoea kuja kula kwako lakini hashikiki. Huyo wa mwisho mwache mahali pake, na mwombe jirani amwekee chakula.

Akirudi nyumbani

Usitarajie shukrani siku ya kwanza. Wengine humpa mwenyewe mgongo, wengine humfuata mpaka chooni. Mfungulie kikapu katika chumba kimoja tulivu, kwanza chakula na choo, kisha umfungulie nyumba. Ikiwa kuna paka mwingine aliyebaki nyumbani, huenda akamtolea meno kama hamjui, kwa sababu amerudi ananuka kwa watu. Watenge siku moja, wabadilishe matandiko, na harufu zitapatana kabla ya nyuso. Kwa wiki mbili angalia chafya, macho yenye machozi, na wingi wa mkojo.

Wala asiachwe nje

Kuna wanaosema haya yote ni mambo ya matajiri. Paka ana kucha, mwache nje atajitafutia. Katika mitaa ya Nakuru huonekana paka wengi wapya kila likizo kubwa, na si watoto. Ni wakubwa, wana adabu za ndani, wanakuja mlangoni wakitazama mtu usoni. Paka wa ndani hajui kuwinda kama paka wa Lamu, hajui mbwa, hajui baridi ya alfajiri ya Julai. Na aliyefungiwa ndani bila mtu wa kumtazama ana hali mbaya zaidi. Waislamu tunaijua habari sahihi ya Mtume (s.a.w.) juu ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka: alimfungia, hakumlisha, wala hakumwachia ajitafutie katika ardhi. Kosa lake ni hayo mawili kwa pamoja, kumzuia na kumsahau. Mwenye kumfungia kiumbe amejitwika riziki yake, awe yupo au yuko safarini.

Wala haihitaji utajiri. Sanduku la katoni ni la bure, leso unayo, na jirani mwaminifu hulipwa kwa kilo ya tende na halwa ukirudi. Unachohitaji kukitoa mapema ni muda: uamuzi wa paka ufanywe siku ile ile unapokata tikiti. Na ukimpeleka kituoni, piga simu siku ya pili na ya nne. Usiulize kama ametulia. Uliza amekula nini, amekojoa mara ngapi, na je, amejisugua mahali popote.